Mjadala wa Tunduma: Tuiulize Mifupa, au Tuwaulize Wazee?

Mahindi yanayoshushwa sokoni Tunduma kila siku, gunia juu ya gunia, yametusahaulisha kwamba yenyewe ni mgeni. Asili yake ni Amerika. Yalifika pwani ya Afrika Mashariki baada ya Wareno kuingia katika karne ya 16, na huku nyanda za juu yalichukua muda mrefu zaidi kuushika mwiko. Kabla yake palikuwa na ulezi na mtama. Lakini mababu wa Wanyamwanga, Wanyiha, Wandali na Wawanda walikula nini hasa? Nyama waliipata mara ngapi? Mtoto aliachishwa ziwa akiwa na umri gani? Mume na mke walikula sawa?

Siku hizi ipo njia ya kupima mambo hayo kwa kemia ya mifupa. Korea imewapa watafiti majibu mazuri. Makaburi mengi ya enzi ya Joseon (1392–1910) yalizibwa kwa mchanganyiko wa chokaa, mchanga na udongo, na mifupa ikabaki imara kiasi cha kusimulia mlo wa wenyewe: nani aliishi kwa mchele, shayiri na maharage, nani alikula nafaka ndogondogo za jamii ya uwele na ulezi, nani alipata samaki wa baharini. Je, nasi mkoani Songwe tufanye hivyo?

Nimelipanga jambo hili kwa sauti tano, kwenye kibaraza cha duka la nafaka, jioni ya baridi ya Tunduma. Wasemaji nimewatunga ili kila hoja ipate mdomo wake. Matukio, miaka na majina ya wataalamu wanayoyataja ni ya kweli.

MWALIMU: Nianze na sababu. Historia tunayofundisha imejaa watawala, vita na misafara. Mama aliyesaga ulezi kwa jiwe kila alfajiri hayumo. Hakuandika, na hakuna aliyemwandika. Lakini aliacha mwili, na mwili hujengwa kwa kilicholiwa. Mfupa wa mtu mzima hujijenga upya polepole, kwa hiyo unabeba mlo wa miaka kumi na zaidi. Jino lina tabia nyingine: gamba lake gumu hujengeka utotoni na halibadiliki tena. Mtu mmoja basi ana mashahidi wawili. Jino linaeleza utoto wake, mfupa unaeleza ukubwani.

MAMA WA NAFAKA: Mwalimu, tueleze kama unavyowaeleza watoto wa kidato cha kwanza. Mfupa unasemaje?

MWALIMU: Mama, umewahi kuchemsha makongoro usiku ukayaacha kwenye sufuria mpaka asubuhi?

MAMA WA NAFAKA: Mara nyingi tu. Unakuta supu imeganda, ukiigusa inatikisika.

MWALIMU: Hicho kinachoganda kimetokana na kolajeni, protini inayoushika mfupa usivunjike ovyo. Maabara huchukua kipande kidogo, mara nyingi cha ubavu, na hukiloweka kwenye asidi hafifu mpaka madini yayeyuke. Inabaki kolajeni. Inakaushwa, inachomwa, na gesi inayotoka inapitishwa kwenye mashine iitwayo spektromita, ambayo hutenganisha atomu kwa uzito. Sasa sikiliza. Katika kila atomu 100 za kaboni, karibu 99 zina uzito wa 12 na moja ina uzito wa 13. Mimea haiichukui hiyo nzito kwa kiasi kimoja. Mahindi, mtama, ulezi, uwele, miwa na nyasi nyingi za mbugani huichukua zaidi. Mpunga, ngano, maharage, karanga, muhogo, ndizi, viazi na miti huichukua kidogo. Kwa kipimo cha wataalamu, kundi la kwanza husoma karibu hasi 12 kwa elfu, la pili karibu hasi 27. Pengo hilo ni pana, na halifutiki kwa kupika wala kwa kuzika.

NESI: Na naitrojeni? Nasikia nayo hupimwa.

MWALIMU: Hiyo hupanda kama ngazi. Kila anayekula mwenzake hupanda daraja, takriban sehemu 3 hadi 5 kwa elfu. Maharage yapo chini kabisa, mbuzi aliyekula majani yupo juu yake, mtu aliyekula mbuzi yupo juu zaidi. Kwa kulinganisha kaboni na naitrojeni unaweza kutofautisha mfugaji na mkulima. Stanley Ambrose na Michael DeNiro walilionyesha hilo mwaka 1986 kwa mifupa ya watu wa Kenya, Tanzania na Afrika Kusini. Waliweza kutenganisha wafugaji na wakulima, na hata wakulima wa nafaka na wakulima wasiotegemea nafaka.

NESI: Basi mimi nina swali la kliniki. Mtoto anyonyaye anamla mama yake, kwa maana hiyo.

MWALIMU: Ndivyo ilivyo. Naitrojeni ya mtoto anyonyaye hupanda juu ya ile ya mama, kisha hushuka anapozoea uji. Ukiifuatilia, unajua aliachishwa lini.

MZEE: Mwanangu, umesema vizuri, na mimi si mpinzani wa elimu. Lakini tangu umeanza umekuwa ukisema "huchukua". Huchukua kipande, huchukua ubavu. Nani amewapa?

MWALIMU: Kibali hutolewa, mzee wangu. Ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, na utafiti hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia.

MZEE: Hizo ni karatasi za serikali, nami naziheshimu. Nakuuliza kuhusu ukoo. Mimi nikienda shambani kwa baba yangu, najua ni mti gani umesimama karibu na miguu yake. Akija mtu na barua kutoka Dar es Salaam, mti ule haujui kusoma. Na kuna jambo tumeliona. Mtemi Mkwawa alikufa mwaka 1898, Wajerumani wakaondoka na fuvu lake. Ilibidi liandikwe kwenye Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, kwamba lirudishwe, na bado lilikaa huko mpaka mwaka 1954 ndipo likafika Kalenga. Panda treni ya TAZARA hapa hapa Tunduma, nenda mpaka mwisho wa reli, Kapiri Mposhi. Kutoka hapo Kabwe si mbali. Mwaka 1921 wachimba migodi walitoa fuvu la kale sana pale, likapelekwa London, na Zambia imelidai miaka na miaka. Kule Berlin yapo mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Wote waliochukua walisema ni kwa ajili ya elimu.

MAMA WA NAFAKA: Hapo mzee amesema kweli tupu.

MWALIMU: Siwezi kulikana neno hata moja. Lakini naomba niongeze la pili. Mafuvu hayo ya Berlin ndiyo yaliyopimwa vinasaba, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba matatu yamepata ndugu walio hai hapa Tanzania. Mmoja wa marehemu hao alikuwa mshauri wa Mangi Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Sayansi iliyotumika kuwadharau ndiyo iliyowatafutia njia ya kurudi nyumbani. Mkono uliotumia kisu vibaya haukifanyi chuma kuwa kibaya.

MZEE: Lakini unanifanya niulize kisu kiko mkononi mwa nani leo.

MWALIMU: Ni haki yako kuuliza. Nikupe basi mfano ambao Mtanzania alikuwamo. Mwaka 1959 Mary Leakey alipata fuvu Olduvai, lile la Zinjanthropus. Magego yake ni makubwa mno, watu wakampa jina la Mvunja Njugu, wakiamini alitafuna kokwa ngumu. Mwaka 2008 Nikolaas van der Merwe, Marion Bamford na mwanaakiolojia wetu Fidelis Masao walitoa matokeo ya kupima gamba la meno yake, pamoja na jino la taya lililopatikana Peninj karibu na Ziwa Natron. Chakula chake, kwa takriban asilimia 80, kilitoka kwenye kundi la nyasi na mimea ya jamii ya mafunjo. Karibu miaka 50 dunia ilimwita jina la chakula ambacho hakikuwa mlo wake mkuu. Bila kemia tungeendelea kumsingizia.

MZEE: Huyo aliishi zamani mno, mwalimu. Hakuna ukoo unaomtambikia. Mwacheni apimwe. Sisi tunazungumza juu ya watu ambao majina yao wamepewa wajukuu zangu.

Hapo palikuwa na kimya, na mama wa nafaka akainuka. Alichota konzi ya mahindi kwenye gunia la kushoto na konzi ya ulezi kwenye gunia la kulia, akavifungua viganja vyake mbele ya mwalimu. Mahindi yalikuwa meupe, makubwa kama meno ya ng'ombe. Ulezi ulikuwa mwekundu wa kahawia, punje ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, nyingine zikimponyoka kati ya vidole.

MAMA WA NAFAKA: Mwalimu, mimi sikusoma sana lakini naijua nafaka. Hapo mwanzo uliyaweka haya na haya kwenye kapu moja.

MWALIMU: Ndiyo, mama.

MAMA WA NAFAKA: Na swali tulilokuja nalo ni watu walikula nini kabla ya mahindi. Sasa mfupa utautofautishaje ulezi wa bibi na mahindi ya mjukuu?

MWALIMU: Hautatofautisha.

MAMA WA NAFAKA: Basi?

MWALIMU: Umegusa penyewe, na lazima niseme wazi. Njia hii ilipata sifa yake ya kwanza Amerika ya Kaskazini. Mwishoni mwa miaka ya 1970, van der Merwe huyo huyo na mwenzake John Vogel walipima mifupa ya wenyeji wa misitu ya huko. Vyakula vyao vya asili karibu vyote vilikuwa vya kundi la pili, kwa hiyo mahindi yalipoingia, kaboni ya mifupa iliruka, na hakuna aliyeweza kubisha. Korea nako mchele na nafaka ndogo hukaa makundi tofauti, kwa hiyo hutengana. Hapa kwetu mahindi yalikalia kiti cha ulezi na mtama, na wote ni kundi moja. Mfupa hausikii kwamba mgeni amebisha hodi. Tena ng'ombe wetu hula nyasi za kundi hilo hilo, kwa hiyo nyama na maziwa hubeba alama ile ile. Hata mchicha, ambao si nafaka, uko kapu la mahindi. Na samaki wa maziwa kama Rukwa kaboni yake hubadilika sana, humchanganya mpimaji.

NESI: Lakini si kwamba mfupa unakuwa bubu. Ungeweza kueleza kama mtu wa Ileje aliishi kwa ndizi na viazi zaidi, au mtu wa Kamsamba kwa mpunga, kinyume na mla ulezi wa Mbozi. Na maharage yangeonekana. Na umri wa kuachisha ziwa.

MWALIMU: Umesema sawa, nesi. Mfupa unajibu maswali mengine, ila si lile la kwanza tulilouliza.

MZEE: Basi lile la kwanza niulizeni mimi. Bibi yangu alinilea kwa ulezi. Alikuwa na jiwe la kusagia lililochimbika katikati kama mtumbwi. Ulezi uliwekwa ghalani miaka, na wadudu hawakuugusa. Ndiyo maana mwaka wa njaa, mwenye ulezi ndiye aliyekuwa mtu. Mahindi hayo mnayoyapenda, msimu mmoja tu dumuzi wameyatoboa. Ugali wa ulezi ulikuwa mzito, mweusi, ukila asubuhi unalima mpaka jua linapinda. Na pombe yake ndiyo iliyoita watu shambani, ndiyo iliyokaa mezani siku ya posa na siku ya msiba. Hakuna maabara inayojua hayo.

MWALIMU: Kweli, na tumekosea kutokuandika. Lakini mzee wangu, nikuulize kwa heshima. Bibi yako alikueleza alichokula bibi yake?

MZEE: Kidogo.

MWALIMU: Alikueleza miezi ya njaa, Januari na Februari, nani alipewa kwanza na nani alilala na maji?

MZEE: Hayo watu hawasimulii. Aibu ya njaa hufunikwa.

MWALIMU: Hilo ndilo ninalolisema. Kumbukumbu hutunza karamu kuliko upungufu. Upande wa pili wa mpaka, kwa Wabemba, Audrey Richards alikaa miaka ya mwanzo ya 1930 akipima na kuandika watu walichokula, mwezi kwa mwezi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1939. Alionyesha jinsi ghala la ulezi lilivyokauka kabla ya mavuno mapya, na jinsi wanaume walipoenda migodini, mashamba yalivyokosa mikono ya kukata matawi ya miti. Huo ni ushahidi wa macho. Kwa kipindi cha kabla ya hapo hatuna aliyesimama jikoni na mizani.

NESI: Na mimi nalitaka jibu si kwa kupenda mambo ya kale tu. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wamedumaa. Wenzetu wa Iringa, mkoa unaolisha nchi, wamefika asilimia 57. Chakula kipo, lakini ni kile kile: sembe ya uji asubuhi, sembe ya ugali mchana na jioni. Ulezi una zaidi ya miligramu 300 za kalisi katika kila gramu 100, mara nyingi zaidi ya mahindi. Mama akija kliniki nikimwambia ampe mtoto uji wa ulezi, ananijibu kwamba hicho ni chakula cha zamani. Kama ningemwonyesha bibi zake walinyonyesha miaka mingapi na walichanganya nini, huenda angenisikiliza kuliko anavyolisikiliza bango langu la ukutani.

MZEE: Lakini nesi, ulisema mtoto anyonyaye. Unataka kufukua makaburi ya vichanga?

NESI: Hapana, mzee wangu, hata mimi nisingeweza.

MWALIMU: Wala haihitajiki. Chini ya lile gamba gumu, gego la kwanza la mtu mzima hujengwa tabaka kwa tabaka tangu karibu na kuzaliwa na kuendelea utotoni. Jino la mtu aliyekufa mzee linatosha kueleza aliachishwa lini. Kichanga anabaki amelala.

Kijana wa kinyozi jirani alikuwa amekaa kwenye ngazi muda wote, taulo begani.

KINYOZI: Shikamoo babu. Naomba na mimi niseme.

MZEE: Marahaba, sema mjukuu wangu.

KINYOZI: Mwalimu amesema kolajeni ni protini. Na nywele?

MWALIMU: Nywele ni protini pia, na hupimwa vile vile. Hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Sentimita 12 ni kumbukumbu ya mwaka mzima, na hailali kwenye kaburi la mtu yeyote.

KINYOZI: Basi mimi kila jioni nafagia kumbukumbu. Wapo madereva wanaosubiri foleni ya malori, wengine wametoka Dar es Salaam, wengine Lubumbashi, wengine Lusaka. Wapo dada wa sokoni, wapo wanafunzi. Zote nazitia kwenye ndoo na kuzichoma. Kama mnataka kujua watu wa Tunduma wanakula nini, kwa nini mnaanza na waliolala?

NESI: Hata nywele zinahitaji idhini ya mwenyewe, usije ukazigawa.

KINYOZI: Nitamwuliza kila mmoja. Ndiyo tofauti yenyewe, dada. Huyu wa kwangu ana mdomo wa kukubali au kukataa.

MZEE: Kijana huyu amesema jambo.

MWALIMU: Na vipo vitu vingine visivyo na kaburi. Pale Ivuna, wilayani Momba, kwenye chumvi. Brian Fagan na John Yellen walichimba katika miaka ya 1960, na chapisho lao la mwaka 1968 lilionyesha kwamba watu wa kale walikuwa wakitengeneza chumvi pale, tangu takriban karne ya 13. Penye chumvi pana biashara, na penye biashara pana chakula cha mbali. Vigae vya vyungu hunywa mafuta ya kilichopikwa na kuyahifadhi karne nyingi. Mwaka 2020 Katherine Grillo na wenzake walipima vigae vya Kenya na vya Luxmanda, mkoani Manyara, wakapata alama za maziwa, nyama na mimea kwenye vyungu vya wafugaji wa kale, Luxmanda ikiwa na umri wa miaka karibu 3,000. Punje za ulezi zilizoungua jikoni nazo hubaki na umbo lake. Hizo zitatofautisha ulezi na mahindi, jambo ambalo mfupa umeshindwa.

MAMA WA NAFAKA: Kumbe jibu la swali langu liko jikoni, wala si makaburini.

MWALIMU: Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Na niseme lingine linaloniumiza kama mtetezi wa mifupa. Ardhi yetu ya mvua na tindikali huila mifupa. Maporomoko ya Kalambo hayako mbali na hapa, kwenye mpaka wa Rukwa na Zambia. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba pamepatikana magogo mawili yaliyounganishwa na binadamu miaka 476,000 iliyopita. Mti umebaki kwa sababu ulilowa maji muda wote. Mifupa haikubaki.

MZEE: Ardhi yenyewe imewakatalia.

MWALIMU: Mahali pengi, ndiyo. Mapangoni na penye chokaa huenda imebaki. Lakini mzee wangu, tuseme barabara inapanuliwa, au mtu anachimba msingi wa nyumba, na mifupa ya kale ikatokea. Tuifukie tu bila kuiuliza neno?

MZEE: Nisimulie kwanza kama kuna mahali walifanya kwa adabu.

MWALIMU: Papo. Sutherland, Afrika Kusini. Chuo Kikuu cha Cape Town kiligundua mwaka 2017 kwamba stoo yake ina mifupa ya watu tisa wa asili ya Wasani na Wakhoi, waliochukuliwa makaburini bila idhini na kupelekwa chuoni miaka ya 1920. Majina ya baadhi yalijulikana, Cornelius Abraham na Klaas Stuurman wakiwamo. Chuo kikawatafuta jamaa zao. Jamaa wakasema tunawataka wazikwe, lakini kabla ya hapo tuambieni waliishije. Ndipo wataalamu wakapima vinasaba, na kemia ya mlo, na kuchora sura zao. Matokeo wakapewa ndugu kwanza. Novemba 2023 wote tisa wakazikwa nyumbani kwa heshima.

MZEE: Kwa hiyo waliouliza ni jamaa.

MWALIMU: Ni jamaa.

MZEE: Hapo sasa tunaweza kukaa na kuzungumza. Masharti yangu ni haya. Swali litoke kwetu, si kwa mgeni. Kaburi lenye mtu anayelijua lisiguswe kabisa. Mifupa iliyofumuka yenyewe kwa mmomonyoko au kwa ujenzi, wazee wa mahali waitwe kabla mtaalamu hajapiga magoti. Kikichukuliwa kipande, tuambiwe kinakwenda maabara gani, katika nchi gani, na mabaki yanarudi lini. Majibu yasomwe hapa, kwa Kiswahili, mbele ya watu, sio kwenye jarida la Ulaya tu. Kisha marehemu azikwe, na atakayemzika awe mmoja wetu.

NESI: Na mimi nisaini wapi?

KINYOZI: Babu, hayo yote yaandikwe.

Hapo nawanyamazisha wasemaji wangu, nami niseme la kwangu.

Ninaiamini kemia hii. Inampa sauti mtu wa kawaida ambaye hakuna mwandishi aliyemjali, na kwa hilo peke yake inastahili heshima. Lakini mama wa nafaka, kwa viganja vyake viwili, ameonyesha kwamba chombo kilichojibu swali la Korea na la Amerika hakijibu swali letu la kwanza. Uwanda wa Songwe una historia yake ya ulezi, na unahitaji mpangilio wake wa ushahidi. Hukumu yangu ni kwamba tuanze na wazee walio hai, kisha vigae na punje za Ivuna na majiko ya kale, kisha nywele za watu wa leo kwa idhini yao, na mifupa iwe ya mwisho, kwa masharti aliyoyataja mzee, bila kupunguza hata moja.

Mpangilio huo unatokana na adabu, na unatokana pia na saa. Mfupa uliokaa ardhini miaka 300 unaweza kusubiri mwaka mmoja zaidi. Mzee mwenye miaka 90, anayekumbuka jiwe la kusagia na ghala la ulezi na mwaka ambao nyumba yao ilibadilika kutoka ulezi kwenda mahindi, hawezi kusubiri. Kila msiba wa mzee Mbozi, Momba au Ileje unafunga jiko moja ambalo hakuna spektromita itakayolifungua.

Wewe unayesoma, kama bado una bibi au babu, nenda ukakae naye jioni hii. Muulize alikula nini alipokuwa mtoto, mwezi gani chakula kiliisha, nani aliyekula mwisho, na mdogo wake aliachishwa ziwa kwa uji gani. Andika kwenye daftari kwa jina lake, kijiji chake na tarehe. Mtaalamu wa mifupa akija kesho, daftari hilo ndilo litakalomwambia aulize nini.